Zahabu Inapita, Nini Kinabaki Nyumbani?

Mwezi huu tuzungumze juu ya neno moja ambalo tunalisikia kila mara katika radio na katika mikutano ya wakubwa. Neno lenyewe ni uwekezaji. Wakubwa wanasema: wawekezaji wanakuja, barabara itatengenezwa, umeme utafika, vijana watapata kazi. Watu wanapiga mikono. Nyuma ya miaka mitano watu wanaulizana: wale wawekezaji walipita njia gani?

Tuanze na maana ya neno, maana mtu asiyejua maana anadanganywa upesi. Mtu anayeuza mbuzi na kununua pombe, huyo ametumia feza. Anayeuza mbuzi na kununua mashine ya kushona, huyo amewekeza, kwa sababu mbuzi amekwenda lakini kuna kitu kimebaki ambacho kitaleta feza ingine kesho. Basi kipimo ni hiki: tusitazame kile kinachoingia, tutazame kile kinachobaki.

Na kwa sisi watu wa migodi kipimo hiki ni kikali kuliko kwa wengine. Mkulima wa maharagi akivuna mwaka huu, atavuna tena mwaka ujao, kama ameweka mbegu. Lakini zahabu haina mbegu. Ile iliyotoka Kilo jana haitazaliwa tena Kilo. Inatoka mara moja tu. Kama haikuacha kitu siku ile ya kutoka, imekwenda bure.

KAMPUNI YA WAZEE WETU

Vijana wengi hawakuambiwa historia hii, basi tuiseme kwa ufupi. Zahabu ilionekana karibu na Kilo mwaka 1903, wakati nchi yote ilihesabiwa kuwa mali ya mfalme Leopold II. Mwaka 1905 kazi ya kuchimba ilianza. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Kilo ni upande wetu wa Djugu, Moto ni upande wa Watsa. Wazee walishikwa kwa nguvu: wengine kuchimba, wengine kubeba mizigo, wengine kulima chakula cha wafanyakazi. Zahabu ikaenda Ubelgiji.

Lakini tuseme ukweli wote. Kampuni ile iliacha vitu: barabara, hospitali, masomo, nyumba za kambi, na kituo cha umeme cha Budana kwenye mto Shari. Shida ilikuwa moja. Vitu vile vyote vilikuwa vya kampuni. Raia alivitumia, lakini hakuwa mwenyewe. Mwaka 1966 Serikali ilishika migodi na kuipa jina la OKIMO. OKIMO ilipoanza kugonjwa, hospitali iligonjwa pamoja nayo, barabara ikamea majani, na mishahara ikachelewa. Fundisho la kwanza ndilo hili: kitu kinachobaki lazima kiwe na mwenyewe atakayekitunza siku tajiri amekwenda.

Kisha ukaja mwaka 1973. Mwezi wa Novemba Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana nani anapenda kuwa mfanyakazi tu katika nchi yake? Lakini wengi waliopewa maduka waliuza vitu vilivyokuwa kwenye rafu na hawakununua vingine. Nyuma ya miaka michache Serikali ilianza kurudisha mali kwa wenyewe wa kwanza, na rafu nyingi zilikuwa tupu. Mlango ulibadilisha mwenyewe, lakini mbegu ilikuwa imeliwa.

MWAKA MLANGO ULIPOFUNGULIWA

Mbele ya mwaka 1982, raia aliyeshikwa na zahabu mfukoni alihesabiwa kuwa mwizi. Mwaka ule Serikali ya Zaire ilibadilisha sheria: raia akapata ruhusa ya kuchimba kwa mikono na kuuza, na wanunuzi wakapata ruhusa ya kufungua nyumba za kununua, yaani makontuari. Wataalamu waliliita jambo hili uhuru wa biashara. Hapa Ituri watu walisema tu: "Sasa kila mutu achimbe."

Ilikuwa jambo jema. Jamaa nyingi zilijenga nyumba ya kwanza ya mabati kwa zahabu ya miaka ile. Lakini mlango ulifunguliwa bila kizingiti. Hakuna aliyepanga namna gani sehemu ya zahabu ile itarudi kijijini. Walimu wenye mshahara mdogo waliacha chaki na kushika shoka. Vijana waliacha shamba. Mashimo yalipoongezeka, chakula kilipanda bei, na mchimbaji akanunua kwa bei kali unga ambao baba yake alikuwa akiulima mwenyewe.

Na wakati uleule feza ya nchi ilianguka. Mwezi wa Septemba 1983, zaire ilishushwa bei sana katika mpango uliokubaliwa pamoja na Shirika la Feza la Kimataifa. Mwisho wa mwaka 1992 ikatoka noti ya zaire 5,000,000. Wafanyabiashara wengi waliikataa, na mwezi wa Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti ile waliingia barabarani Kinshasa na kupora. Mwezi wa Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka: moja kwa zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu hii pamoja na watoto wenu wa masomo ya juu: mtu angekuwa na zaire za zamani 300,000,000,000, kwa hesabu hiyo angepata franka moja tu.

Ndiyo sababu hatuwezi kumcheka mzee anayefunga zahabu yake ndani ya karatasi na kuificha chini ya kitanda. Alijifunza. Banki ilimdanganya, noti ilimdanganya, zahabu haikumdanganya. Lakini zahabu chini ya kitanda haizai. Na mwizi akijua, inaleta kifo.

ZAHABU NA BUNDUKI

Vita vya Agosti 1998 vilileta jeshi la Uganda katika Ituri. Miaka ile, mpaka 2003 na hata nyuma yake, zahabu ya Kilo na Mongbwalu ilikuwa ya yule aliye na silaha. Ndugu waliokaa pamoja na kuoana waliuana, na mashimo yalikuwa sehemu ya sababu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, iliamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri kwa nguvu na ina deni juu ya mabaya yaliyofanyika. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ileile ikahesabu deni: dola 325,000,000, na ndani yake dola 60,000,000 ni kwa ajili ya mali ya udongo iliyochukuliwa, zahabu ikiwa mojawapo.

Soma hesabu ile vizuri. Kupora kulichukua miaka michache. Hukumu ya deni ilichukua zaidi ya miaka 20. Mali iliyotoka bila kuandikwa ni vigumu sana kuirudisha, hata mbele ya waamuzi wakubwa wa ulimwengu.

NDUGU WAWILI: WATSA NA DJUGU

Mwaka 2002, vita ikiwa bado, nchi ilipata Sheria ya Madini mpya, iliyotayarishwa kwa msaada wa Banki ya Dunia. Shabaha ilikuwa kuita makampuni makubwa: kodi iwe wazi, karatasi zitoke upesi, mwekezaji asiogope. Mwaka 2003 ikaja Serikali ya mpito, mwaka 2006 uchaguzi. Makampuni yakaja kweli.

Tazama sasa ndugu wawili hawa, watoto wa kampuni moja ya zamani. Upande wa Moto, kule Watsa katika jimbo la Haut-Uele, ulijengwa mgodi wa Kibali. Zahabu ya kwanza ilitoka mwaka 2013. Leo Barrick ina sehemu 45 kwa mia, AngloGold Ashanti 45, na SOKIMO, mtoto wa OKIMO, sehemu 10. Vituo vya umeme wa maji vilijengwa: Nzoro II, Ambarau na Azambi. Maelfu ya jamaa walihamishwa, na wengi wao wakajengewa nyumba Kokiza. Wachimbaji wadogo nao walipoteza mashimo yao. Kwa miaka kadhaa mgodi ule ulitoa zahabu zaidi ya aunsi 700,000 kila mwaka. Aunsi moja ni kama gramu 31, basi zote pamoja ni zaidi ya tani 21.

Upande wa Kilo, kwetu Mongbwalu, ileile AngloGold Ashanti ilikuwa na mradi. Walipima, walitoboa udongo, walitengeneza njia, waliahidi. Vijana waliandika majina yao wakingoja kazi. Mwaka 2013, mwaka uleule Kibali ilipotoa zahabu ya kwanza, bei ya zahabu ilianguka katika soko la ulimwengu na mradi wa Mongbwalu ukasimamishwa. Nyuma yake kampuni ikajiondoa.

Nchi moja, sheria moja, kampuni moja, na matokeo mawili. Nani aliamua? Si chifu, si gavana, si wewe. Bei ndiyo iliyoamua. Hatusemi kwamba mwekezaji ni mbaya. Tunasema kwamba jamaa haiwezi kutandika kitanda chake juu ya bei ya zahabu ya Londoni. Akija, tupate haki yetu siku ile anapochimba. Asipokuja, tuwe tayari kuishi.

HESABU YA FEZA YA MLIMA

Sasa tushike kalamu. Mwezi wa Machi 2018 Sheria ya Madini ilibadilishwa. Kuna mambo mawili ndani yake ambayo kila mzazi wa eneo la migodi anapaswa kuyajua kama anavyojua bei ya chumvi.

La kwanza ni malipo ambayo wakubwa wanaita redevansi. Kampuni inayouza zahabu inalipa 3.5 kwa mia. Na angalieni: inahesabiwa juu ya bei ya kuuza, si juu ya faida. Kampuni haiwezi kusema, "Mwaka huu hatukupata faida, basi hatulipi." Imeuza? Inalipa.

Tufanye mfano. Kampuni imeuza zahabu ya dola 1,000,000. Redevansi ni dola 35,000. Sheria inagawa feza ile mara nne. Serikali ya Kinshasa inapata 50 kwa mia, ndiyo dola 17,500. Jimbo linapata 25 kwa mia, ndiyo dola 8,750. Muji, komini, sekta ao sheferi ambamo mgodi unachimbwa inapata 15 kwa mia, ndiyo dola 5,250. Na 10 kwa mia, dola 3,500, inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo, maana watunga sheria walikumbuka kwamba zahabu haina mbegu.

Ile 15 kwa mia haipaswi kupanda ndege mpaka Kinshasa na kurudi. Sheria inasema ilipwe moja kwa moja katika konti ya sekta ao sheferi yenyewe. Basi mtu akikuambia, "Feza ya maendeleo inangojewa kutoka Kinshasa," mwulize kwa heshima: ni feza ipi?

La pili: kampuni inatoa tena angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake yote kwa ajili ya maendeleo ya vijiji vinavyozunguka mgodi. Katika mfano wetu ni dola 3,000. Feza hii inasimamiwa pamoja, watu wa kampuni na wajumbe wa wananchi. Na tena kampuni inaandika pamoja na vijiji daftari ya ahadi, ile inaitwa kaye de sharji: masomo haya, maji haya, barabara hii, kwa mwaka fulani. Ahadi ya mdomo inapeperuka. Ile ya daftari inaweza kusomwa mbele ya hakimu.

Mtu atasema: hesabu hiyo ni ya Watsa, hapa kwetu kampuni kubwa haiko, sisi tunachimba kwa mikono. Kweli. Na hapo ndipo kidonda kilipo. Kwa miaka mingi wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba sehemu kubwa ya zahabu ya Ituri inavuka mpaka wa Uganda bila kuandikwa, kisha inakwenda Dubai. Zahabu ile haina redevansi, haina 15 kwa mia, haina mfuko wa vizazi vijavyo. Inapita kama maji ya mvua juu ya jiwe.

Tusiwahukumu wachimbaji upesi. Sheria inataka mchimbaji awe na karta, awe ndani ya koperative, na achimbe tu mahali palipotengwa kwa wachimbaji wadogo. Lakini sehemu kubwa ya udongo wenye zahabu iko ndani ya mipaka ya karatasi za SOKIMO na makampuni, na mahali palipotengwa ni pachache. Basi mchimbaji wetu anafanya kazi kama mgeni katika udongo wa babu yake. Naye mnunuzi wa magendo anamwendea shimoni, anampa unga, anampa mafuta ya pompi, anamlipa siku ileile. Koperative ya kweli ingepaswa kufanya hivyo: kukopesha, kupima kwa mizani ya haki, kulipa upesi. Koperative iliyo ya mtu mmoja tajiri na jina la watu wengi, hiyo ni duka lake tu.

HESABU YA NYUMBANI

Tumesema mengi juu ya Serikali na makampuni. Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana gazeti hili ni la jamaa. Inawezekana sana kulia kwamba Kinshasa imekula mbegu ya nchi, na kumbe mimi na wewe tunakula mbegu ya nyumba.

Mwenye shimo, yule tunaita pedeje, anatoa chakula, vyombo na mafuta. Vyote vinaandikwa deni. Siku zahabu inatoka, deni linakula kwanza, kisha pedeje, kisha wenye kudai haki hii na haki ile, na mchimbaji anapewa kilichobaki. Anashuka kutoka mlimani jioni. Kati ya mlima na nyumba yake kuna baa, kuna rafiki, kuna kurta ya deni la zamani. Sikilizeni mazungumzo haya. Ni mfano, lakini kuna nyumba nyingi ambamo yamesikiwa.

"Mama watoto, mbona unanitazama hivi?"

"Baba watoto, siko nakutazama vibaya. Niko nauliza tu. Ile zahabu ya juma lililopita, iko wapi?"

"Ilikwisha."

"Ilikwisha kwa nini? Mutoto walimufukuza ku masomo juu ya minerval."

"Mlima utatoa tena. Weye hauamini?"

"Mlima naamini. Lakini mlima hauna mukono wa kulipa minerval. Mukono ni ya sisi."

Mama huyu hakutukana mume wake wala hakumpigia kelele mbele ya majirani. Alisema neno moja la akili: mlima hauna mkono. Redevansi ya nyumba haitalipwa na mtu mwingine.

Basi tuchukue ile hesabu ya Sheria na kuileta mezani. Kila siku ya kupima, hata kama zahabu ni kidogo, feza igawanywe mara nne mbele ya kwenda popote. Sehemu 50 kwa mia ni chakula, nyumba na nguo. Sehemu 25 ni masomo na matunzo ya ugonjwa. Sehemu 15 ni kitu kitakachozaa nje ya shimo: shamba la mhogo ao la kakao, kuku, mbuzi, mashine ya kushona, kinu cha kusaga, meza ya biashara ya mama. Sehemu 10 haiguswi. Hiyo ni mfuko wa vizazi vijavyo wa nyumba hii.

Ikiwa mwezi umeleta dola 200, ni 100, 50, 30 na 20. Ikiwa umeleta dola 20 tu, ni 10, 5, 3 na 2. Dola 3 zinatosha kununua kuku mdogo ao mbegu za maharagi. Ikiwa 10 kwa mia haiwezekani kwa sasa, anza na 2 kwa mia. Kinachojengwa hapa ni desturi kwanza, na feza itafuata.

Mambo manne ya kuangalia katika hesabu hii.

Kwanza, baba na mama wahesabu pamoja. Katika mashimo yetu wanawake wanasaga mawe, wanabeba mchanga, wanapika, wanakopesha. Mama anayetoa jasho lakini hajui hesabu ni kama sekta yenye mgodi lakini haijui 15 kwa mia yake.

Pili, usiweke sehemu ya 15 ndani ya shimo lingine. Vijana wengi wanasema, "Naongeza pompi, naongeza shimo, ndiyo kuwekeza." Hapana. Shimo likifungwa na maji ao na bunduki, mashimo yote mawili yanafungwa siku moja. Weka miguu katika udongo mbalimbali. Na wenye kumbukumbu ya kahawa wajue kwamba hata shamba linaweza kufa: ugonjwa wa kukausha kahawa uliharibu robusta nyingi katika pande zetu za kaskazini-mashariki. Kwa hiyo hata nje ya shimo, usitegemee kitu kimoja tu.

Tatu, likelemba ya watu wanaojuana ni njia nzuri ya kukinga sehemu ya 10. Feza iliyo mikononi mwa wenzako kumi haiwezi kukuponyoka usiku ukiwa baa. Lakini iandikwe katika daftari, na zamu ya kupokea ijulikane na wote.

Nne, mtoto si mfanyakazi wa shimo. Sheria inatoa karta ya kuchimba kwa mtu mzima tu. Mzazi anayetoa mtoto masomoni ili amwongezee ndoo mbili za mchanga, huyo anauza mbegu kwa bei ya chakula cha siku moja.

"LETA HAISIKIE"

Tunajua jibu la wengi: "Leta haisikie sisi." Tena wengine watasema: shamba mnalotuambia tulime liko mahali tusipoweza kufika, maana wenye silaha wako njiani. Maneno haya ni ya kweli. Tangu mwezi wa Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya viongozi wa jeshi katika hali ya kuzingirwa, na hata hivyo jamaa nyingi zilikimbia vijiji vyao vya Djugu, Irumu na Mambasa. Mtu aliye katika kambi ya wakimbizi hawezi kuambiwa habari ya kakao. Kwake yeye, ile sehemu ya 15 inaweza kuwa beseni la mandazi ao vyombo vya kunyoa nywele. Na kama hana kitu kabisa, hana deni kwa mwandishi wa gazeti.

Lakini kwa wale walio na nafasi ndogo, tusitupe nafasi ile. Kuna mambo ambayo raia anaweza kufanya bila bunduki na bila matusi.

Kama kampuni inachimba katika sekta yenu, watu watano waende pamoja kwa mkubwa wa sekta ao wa sheferi, wapeleke barua, waombe jumla ya feza zilizoingia katika konti ibandikwe ukutani kila miezi mitatu. Mtu mmoja akiuliza anaitwa mchochezi. Watano wakiuliza kwa barua iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, wanaitwa wananchi.

Mkichagua wajumbe wa kusimamia ile 0.3 kwa mia, chagueni watu wanaorudi kuwaambia. Mjumbe anayekwenda mkutanoni na kurudi na viatu vipya na mdomo mkimya, mbadilisheni. Na mama mmoja angalau awe ndani, maana wamama ndio wanaojua kisima kiko mbali kiasi gani.

Kabla ya kampuni kufika, wazee na vijana waandike pamoja vitu vitatu tu vinavyohitajiwa. Vitatu, si thelathini. Kijiji kinachoomba vitu thelathini kinapewa mpira wa mguu na jezi. Kijiji kinachoomba maji, darasa na daraja, na kukaa juu ya neno lake, ni vigumu kukidanganya. Na kila kitu kiandikwe na jina la mwenyewe atakayekitunza, tusirudie habari ya hospitali za OKIMO.

Wazee wa 1926 hawakuulizwa. Watu wa 1982 walifunguliwa mlango lakini hawakuonyeshwa njia. Sisi wa leo tuna sheria iliyoandikwa, tuna hesabu, tuna watoto wanaojua kusoma. Siku mlima utakapokwisha, na utakwisha, wajukuu watatuuliza swali lilelile lililo juu ya ukurasa huu. Tuwe na kitu cha kuwaonyesha kwa kidole.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Katika mwezi uliopita, feza ya shimo ao ya biashara yetu iliacha nini ndani ya nyumba hii? Tukitaje.

2. Je, baba na mama wanajua hesabu ileile, ao kila mmoja ana mfuko wake wa siri?

3. Nani katika sekta yetu anajua kama 15 kwa mia imelipwa? Tutamwuliza lini, na tutakwenda na nani?

4. Shimo likifungwa kesho asubuhi, tutakula nini kesho jioni?

Kaeni salama, na mwezi ujao tukutane tena hapahapa.